Hesabu ya Vichwa Inatudanganya

Mwaka 2018 watafiti wa nyangumi wa Afrika Kusini waliruka kwa helikopta kama ilivyo desturi yao, wakafuata pwani ya kusini kati ya Nature's Valley na Muizenberg, wakahesabu zaidi ya jozi 500 za mama na mtoto. Hakuna mwaka mwingine tangu kazi hiyo ianze mwaka 1969 uliokuwa umetoa jozi nyingi kiasi hicho. Anayesoma namba hiyo peke yake hana budi kushangilia. Nyangumi wameongezeka! Uhifadhi umefaulu! Tupige makofi, tupige picha, twende nyumbani.

Mimi nasema makofi ya namna hiyo yanapigwa mapema mno, na kosa linaloyazaa ndilo tunalofundishwa humu vyuoni, tena kwa bidii: kuhesabu vichwa, kutafuta wastani, kufunga jalada. Najua baadhi ya wenzangu watauliza mwanafunzi wa Kampala, mtoto wa nchi isiyo na tone la bahari, ana habari gani na nyangumi. Nitawajibu baadaye. Kwanza tumwangalie mnyama mwenyewe.

Nyangumi ninayemzungumzia huitwa kwa Kilatini Eubalaena australis. Wawindaji wa Kiingereza walimpa jina lenye maana ya nyangumi "anayefaa", na inasemwa alifaa kwa jambo moja tu, kuuawa: huogelea polepole, hupenda maji ya karibu na pwani, akifa huelea, na ana mafuta tele. Walimchinja karibu kummaliza. Alipewa ulinzi wa kimataifa mwaka 1935, lakini katika miaka ya 1960 meli za Kisovieti ziliua zaidi ya 3,000 kwa siri huku zikipeleka ofisini taarifa za uongo. Ni wanasayansi wa Urusi wenyewe waliokuja kuifichua siri hiyo katika miaka ya 1990. Nalitaja hili kama neno la pembeni kwa wale wanaodhani kwamba namba ikishaandikwa kwenye fomu ya serikali imekuwa kweli.

Walionusurika waliongezeka. Kwa miongo kadhaa kundi linalozalia Afrika Kusini lilikua kwa karibu asilimia 7 kila mwaka, na kwa mnyama anayezaa mtoto mmoja tu kwa uzazi huo ni mwendo wa kasi sana. Mji wa Hermanus, ambao watalii huujia kwa ajili ya nyangumi, una hata mtu anayepuliza pembe mitaani kuwaambia watu wameonekana wapi.

Sasa tuangalie kalenda ya mama, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Hubeba mimba kwa mwaka mmoja hivi. Huja pwani ya Afrika Kusini wakati wa baridi ya huko, huzaa, hunyonyesha, na kwa miezi yote anayokaa pwani huwa hali karibu kitu chochote: maziwa yote hutoka katika mafuta aliyoyaweka mwilini alipokuwa akila kusini, katika bahari ya baridi kuelekea Antaktika. Kisha humpeleka mtoto huko na kumwachisha ziwa akikaribia mwaka. Baada ya hapo anahitaji karibu mwaka mzima wa kula na kujijenga upya kabla ya kushika mimba nyingine. Mwaka wa mimba, mwaka wa kunyonyesha, mwaka wa kupumzika. Mama mwenye afya, katika bahari yenye chakula, huonekana na mtoto kila baada ya miaka mitatu.

Watu wanayajuaje haya? Hapa ndipo penye kazi ya kuheshimiwa. Kila nyangumi wa aina hii anazaliwa na sugu kichwani, mabaka ya ngozi ngumu yanayoonekana meupe kwa sababu ya chawa wa nyangumi wanaoishi juu yake. Mpangilio wa sugu hizo haufanani kwa nyangumi wawili, kama alama za vidole vyetu. Mtafiti Peter Best, aliyefariki mwaka 2015, ndiye aliyeendeleza ukaguzi huo wa angani mwaka baada ya mwaka, na tangu 1979 wanapiga picha vichwa vya akina mama mmoja mmoja kutoka kwenye helikopta. Leo kitengo cha nyangumi cha Chuo Kikuu cha Pretoria kina hazina ya picha za nyangumi zaidi ya 2,000 wanaotambulika. Kwa hiyo wanaweza kusema: huyu alikuja na mtoto mwaka huu, akaja tena na mtoto miaka mitatu baadaye, kisha akachelewa. Hiyo ni habari ambayo hesabu ya vichwa haiwezi kuitoa, hata ukihesabu kwa uangalifu wa malaika.

Turudi kwenye 2018. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2016, walikuja akina mama wachache mno hata watu wakaanza kuulizana wamekwenda wapi. Chukua mfano nilioutunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme kuna mama 900, na kila mmoja huzaa kila baada ya miaka mitatu. Wakigawanyika sawasawa, utaona 300 kila mwaka, na baada ya miaka mitatu watoto 900 wamezaliwa. Sasa chakula kipungue baharini. Mwaka wa kwanza wanakuja 100 tu, mwaka wa pili 100. Mwaka wa tatu wanafika walio zamu yao pamoja na waliochelewa, jumla 500. Mwandishi wa habari anaruka kwa furaha: 500! Haijapata kutokea! Lakini jumlisha: 100 na 100 na 500 ni 700. Watoto 200 hawakuzaliwa, na mwaka ulioonekana wa neema kuliko yote ndio uliowafunika. Ndivyo ninavyoisoma 2018. Na katika miaka miwili iliyofuata idadi ya jozi ilianguka tena, kama inavyotarajiwa kwa foleni iliyokuwa imejikusanya mahali pamoja.

Ukifungua hazina ya picha unaona kilichotokea. Zamani pengo la kawaida kati ya uzazi mmoja na mwingine lilikuwa miaka mitatu. Katika muongo wa 2010 mapengo ya miaka minne na mitano yalizidi sana. Pengo la minne laweza kumaanisha mama aliyehitaji mwaka zaidi ili anenepe, au aliyeshika mimba ikaharibika. Pengo la mitano mara nyingi linasomwa hivi: alizaa katika mwaka wa tatu, mtoto akafa kabla helikopta haijapita, na kwa kuwa hakunyonyesha akaweza kurudi baada ya miaka miwili. Tatu na mbili ni tano. Kuna maiti ya mtoto katikati ya hesabu hiyo ambayo hakuna aliyeiona.

Sitaki tuharakishe hapa, maana ndipo wastani unapoanika uongo wake. Mama anayerudi na mtoto baada ya miaka miwili anaonekana kwenye jedwali kama mzazi hodari, kumbe mara nyingi amefiwa. Changanya mama wa miaka miwili na mama wa miaka minne, gawanya, utapata wastani wa miaka mitatu uliotulia kama maji mtungini. Wawili hao wote wamepata shida, na wastani unasema hakuna shida. Mwalimu mmoja wa takwimu alitufundisha kwamba tofauti zinazouzunguka wastani ni "kelele" za kuondolewa ili tusikie ujumbe. Kwa heshima zote, katika uzazi wa wanyama hawa kelele ndiyo ujumbe.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo ni nzito, na sitaikwepa. Watasema: mama asiyeonekana hakukosa kuzaa, labda alizalia kwingine, Namibia au Msumbiji, au alikuwa chini ya maji helikopta ilipopita. Mapengo marefu basi yangekuwa upungufu wa macho yetu tu, wala si upungufu wa uzazi. Hoja hii ni halali, na ndiyo maana watafiti hawa hawahesabu mapengo kwa vidole. Wanatumia mbinu za kitakwimu zinazokadiria uwezekano wa kumkosa mama aliyekuwapo. Lakini angalia pia umbo la mapengo yenyewe. Kama tatizo lingekuwa macho peke yake, mama wa miaka mitatu aliyekoswa mara moja angeonekana na pengo la miaka sita, tatu na tatu. Kulikoongezeka ni minne na mitano. Tena kuna ushahidi usiotegemea kabisa nani alionekana wapi. Akina mama walipopimwa upana wa miili yao kwa picha za kutoka juu, na kulinganishwa na vipimo vya mwishoni mwa miaka ya 1980, unene wao ulikuwa umepungua kwa asilimia 23. Mama asiye na akiba mwilini atanyonyesha kwa nini? Na huko Australia, ambako kundi jingine limefuatiliwa tangu 1991 kwenye ghuba ya Head of Bight, mapengo yamerefuka vilevile. Macho ya watu wa mabara mawili hayawezi kupofuka kwa pamoja na kwa namna moja.

Chanzo kiko mbali na Hermanus. Vipande vidogo vya ngozi vilivyochukuliwa katika miaka ya 1990 vilipolinganishwa na vya miaka ya 2010, kemia yake ilionyesha kwamba nyangumi wamebadilisha mahali pa kula. Wengi hawategemei tena maji ya kusini sana kama zamani. Chakula chao ni krili na vidudu vingine vidogo vya baharini, na krili wachanga huhitaji barafu ya bahari. Bahari ikipata joto, barafu ikibadili mwendo, chakula huhama au hupungua, na mama anarudi pwani amekonda. Tayari mwaka 2006 uchunguzi wa kundi la Argentina ulikuwa umeonyesha kwamba uzazi wao unapanda na kushuka kufuatana na joto la bahari karibu na kisiwa cha South Georgia. Kwa hiyo pengo la uzazi wa nyangumi ni kipimajoto cha bahari ambayo hakuna yeyote kati yetu atakayeitembelea. Ukikitupa kipimajoto hicho kwa sababu hesabu ya vichwa inapendeza, unastahili homa itakayokupata.

Nisije nikadhaniwa nimeng'ang'ania mnyama mmoja. Sili wa Weddell wa Erebus Bay, Antaktika, wamekuwa wakiwekewa alama tangu 1968, kila mtoto na namba yake. Mwaka 2000 jabali la barafu la B-15, lenye eneo la kilomita za mraba kama 11,000, lilimeguka, na kipande chake kikubwa kikakwama karibu na hapo kwa miaka kadhaa. Watoto waliozaliwa walipungua sana. Sili wakubwa je, walikufa? Hapana. Waliendelea kuishi kama kawaida, wakaacha tu kuja kuzaa, na barafu ilipoondoka wakarudi. Mtu anayehesabu maiti asingeona chochote. Mtu anayehesabu watoto wa mwaka mmoja angelia msiba. Ni yule tu mwenye majina ya akina mama kwa zaidi ya miaka 30 aliyeweza kusema kwa hakika: hawa wako hai, wamesitisha.

Basi nani atalipia kujua haya? Wafadhili wengi hutoa fedha kwa miaka mitatu. Miaka mitatu! Huo ni uzazi mmoja wa nyangumi, iwapo kila kitu kimekwenda vizuri. Mfadhili wa namna hiyo anaona mama akija mara moja, anapokea ripoti yenye jalada la rangi, anaondoka. Hawezi kuona pengo kwa sababu pengo lina ncha mbili naye amelipia ncha moja. Kazi ya Pretoria imeendelea zaidi ya nusu karne kwa sababu watu wachache wakaidi walikataa kuikatiza, na mwaka mmoja ukirukwa hauwezi kununuliwa tena baadaye kwa fedha yoyote.

Na sisi? Sisi tumepewa muhula mmoja. Mwaka jana nilipeleka pendekezo la mradi wangu wa mwisho: kuwafuatilia tumbili jike wa bustani ya chuo mmoja mmoja, kwa alama za mikia na masikio, niandike nani amezaa na nani hakuzaa, kisha nimwachie daftari mwanafunzi wa mwaka unaofuata aendelee. Niliambiwa hakuna mradi usiokamilika ndani ya muhula. Niwahesabu, nitafute wastani wa kundi, nichore jedwali. Nimefanya hivyo, na nimepata alama nzuri. Kuna tumbili wengi. Huo ndio mchango wangu kwa sayansi.

Siwalaumu wahadhiri wetu peke yao. Wana wanafunzi wengi, na kalenda ya mitihani haimjui tumbili wala nyangumi. Lakini nalaumu tabia ya kuuita upungufu huo "mbinu za utafiti" na kuufundisha kana kwamba ndiyo sayansi yenyewe. Nchi yetu ilifurahi, na kwa haki, mwaka 2019 ilipotangazwa kwamba sokwe wa milimani wamefika 1,063. Nani anauliza akina mama wangapi kati yao wamezaa, na watoto wangapi walifika umri wa kuachishwa ziwa? Upande wa Rwanda, kituo cha Karisoke kimewafuatilia sokwe hao kwa majina tangu 1967, na kwa sababu hiyo kiliweza kuonyesha kwamba katika eneo la Virunga, makundi yaliposongamana, mapigano yaliongezeka, watoto wakauawa, na ongezeko likapungua kasi. Hesabu kubwa ya vichwa yenyewe ilikuwa sehemu ya tatizo. Habari hiyo haitangazwi kwa ngoma.

Sasa nawajibu wale waliouliza nina habari gani na nyangumi. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Ankole. Mzee wa kwetu hapendi kuulizwa ana ng'ombe wangapi, na akikujibu pengine atakudanganya. Lakini muulize habari za bihogo, yule mwekundu, atakueleza alizaa lini, ndama alikuwa wa rangi gani, mwaka upi alikosa, na kwamba alikosa kwa sababu ukame ulimkuta ananyonyesha. Atakuambia pia nani mama yake bihogo na kama naye alikuwa mvivu wa kuzaa. Mzee huyo hajawahi kusikia neno wastani, wala hana haja nalo, maana ng'ombe wa wastani hayumo zizini. Anachofanya Pretoria kwa helikopta na picha ni kile kile anachofanya yeye kwa macho na kumbukumbu. Kwa hiyo msiniambie kwamba sayansi hii ni ya wageni. Kigeni humu ni muhula mmoja na jedwali lake.

Na wale wanaosema mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili, someni tena maneno niliyotumia: sugu, pengo, zamu, kuachisha ziwa, kukonda, kufiwa. Lugha hii imewazungumzia wazazi na watoto kwa karne nyingi. Nguva wa pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, ambaye naye huweza kukaa miaka mitatu hadi saba kati ya mtoto na mtoto, ana jina la Kiswahili kabla hajapata la Kilatini. Kama hatuwezi kueleza kwa Kiswahili kwa nini nguva mmoja aliyenaswa wavuni ni hasara ya miaka mingi, kasoro iko kwetu.

Ninachotaka ni kidogo na hakihitaji mfadhili. Idara iruhusu miradi inayorithishwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aanzishe daftari la wanyama anaoweza kuwatambua, tumbili, korongo, hata popo wa darini, na atahiniwe kwa ubora wa daftari, si kwa ukubwa wa hitimisho. Wa mwaka unaofuata alipokee na kuliendeleza. Baada ya miaka mitano tutakuwa na kitu ambacho vyuo vingi vyenye fedha kuliko sisi havina. Daftari la tumbili ninalo. Lina kurasa kumi na nne, majike tisa, na nafasi ya kutosha kwa yeyote atakayelihitaji mwezi wa Agosti.